Jinsi ya kuchagua eafoni na kuzirekebisha ziendane na muziki wako: mwongozo kamili

Malalamiko ni yaleyale, wanaobadilika ni walalamikaji. Mtu kanunua eafoni ambazo boksi lake limejaa sifa za besi, kafika nyumbani, kaweka amapiano, na besi yenyewe haipo. Anafungua ikwalaiza (sehemu ya simu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine), anapandisha kila kitelezi mpaka juu, sauti inaanza kupasuka. Hukumu inatoka hapohapo: "Nimeuziwa feki." Mwisho wa mwezi yuko dukani tena.

Feki zipo, na tutazigusa. Lakini mara nyingi shida iko kwenye kipira kisichoziba sikio, kwenye faili bovu la wimbo, au kwenye ikwalaiza iliyochezewa bila mpango. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo hapa. Ukirukia ikwalaiza kabla ya kipira, kila utakachorekebisha itabidi ukirudie.

## Vitu vya kuandaa

- Eafoni zako pamoja na vipira vyote vilivyokuja kwenye boksi, vile vidogo na vikubwa ambavyo watu wengi huvitupa. Kama vimepotea, nunua seti ya silikoni yenye saizi tatu, na jozi moja ya sponji ukiweza.
- Mswaki laini, mkavu, ambao hautarudi tena mdomoni.
- Simu yenye ikwalaiza. Simu nyingi za Android zinayo ndani ya mipangilio ya sauti. Kama yako haina, pakua programu ya Wavelet. Kwenye iPhone, ikwalaiza ya Apple inahusu programu yake ya Music peke yake, na inakupa mipangilio iliyokwisha kutengenezwa tu. Wa Spotify atumie ile ya Spotify.
- Nyimbo tatu unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji: mmoja wenye besi nzito, mmoja ambao sauti ya mtu iko mbele, na mmoja wenye ala nyingi kwa wakati mmoja.
- Sehemu tulivu. Ndani ya daladala au matatu hutapima kitu.

## Hatua ya 1: Chagua umbo kabla ya chapa

Kama eafoni unazo tayari, nenda hatua ya 2.

Eafoni ziko za namna mbili. Kuna zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kipira, kama AirPods za kawaida na zile za waya zilizokuwa zikija na simu zamani. Na kuna zinazoingia ndani ya tundu kwa kipira cha silikoni au sponji. Tofauti hii ina uzito kuliko jina la kampuni, kwa sababu besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya eafoni na ngoma ya sikio. Zisizo na kipira huvujisha hewa hiyo, hivyo besi yake huwa nyepesi kwa maumbile.

Kwa hiyo: msikilizaji wa bongo fleva, amapiano, hip hop au dancehall achukue zenye kipira. Anayesikiliza mawaidha, redio na taarab za taratibu huku anataka kusikia honi za bodaboda nyuma yake, zisizo na kipira zinamtosha, tena ni salama zaidi barabarani.

Usinunue kwa kusoma maneno ya boksi. Ukubwa wa spika ya ndani, milimita 10 au 13, haukuambii itasikikaje. Vilevile "20 Hz hadi 20,000 Hz" (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde) iko kwenye karibu kila boksi, kwa kuwa ndiyo mipaka ya usikivu wa binadamu, na haisemi chochote kuhusu uwiano wa sauti zilizo katikati.

Maoni yangu, na najua wapo watakaopinga: usitafute eafoni "za singeli" au "za rumba". Tafuta zenye sauti iliyo sawa, halafu uielekeze kwa ikwalaiza. Eafoni iliyotengenezwa na besi ya kupindukia inafunika sauti za watu, na ukiipunguza besi hiyo bado hupati usafi uliokuwa ukiutaka.

Kama bajeti ni ndogo na simu yako ina tundu la waya, chukua za waya. Kwenye Bluetooth, sehemu ya hela yako inalipia betri, chipu na kile kikasha cha kuchajia. Kwenye waya inakwenda kwenye sauti karibu yote. Moondrop Chu na 7Hz Zero ni mifano ya eafoni za waya za bei ya chini zenye sauti inayosifiwa na watu wanaopima kwa mashine.

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, omba kuzijaribu kwa simu yako na wimbo wako. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa ili ununue. Nenda na vipira vyako pia. Sikio la aliyejaribu kabla yako hulijui. Anza na sauti ya mtu anayeongea, hata voice note. Kama mtu anasikika na mafua au anasikika yuko mbali, hakuna muziki utakaokaa vizuri humo.

Tahadhari ya feki: kwa chapa zenye programu yake ya simu, kama JBL, Sony, Samsung au oraimo, pakua programu ya modeli hiyo kabla ya kutoa hela na uiunganishe palepale kaunta. Bidhaa ya kuiga huwa haitambuliwi. Kwa AirPods, namba ya mfululizo (serial number) peke yake haitoshi, maana huweza kunakiliwa. iPhone yenye iOS 16 au zaidi huonya yenyewe inaposhindwa kuzithibitisha.

## Hatua ya 2: Ziba sikio

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndiyo hatua isiyogharimu kitu. Kuongeza besi wakati kipira hakizibi ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Vaa hivi. Kwa mkono wa upande wa pili, pitisha juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio na uvute taratibu kwenda juu na nyuma. Tundu la sikio la mtu mzima lina kona. Ukivuta hivyo linanyooka. Ingiza eafoni, izungushe kidogo mbele na nyuma mpaka uhisi kipira kimekaa, kisha achia sikio lijifunge juu yake. Kwa kipira cha sponji, kikamue kwanza kwa vidole mpaka kiwe chembamba, ingiza, halafu kishikilie hapo mpaka kimalize kutanuka. Wengi huachia mapema, sponji inatanukia nje ya tundu, kisha wanasema sponji ni mbaya.

Sasa jaribu saizi zote, kila sikio peke yake. Masikio mawili ya mtu mmoja hayafanani lazima. Kuvaa kipira cha kati kushoto na kikubwa kulia ni jambo la kawaida kabisa.

Utajuaje kimeziba? Bila kuwasha muziki, sema "moja, mbili, tatu". Sauti yako ikivuma ndani ya kichwa, kimeziba. Ikisikika kama kawaida, kinavuja. Kisha cheza wimbo wako wa besi na uibonyeze eafoni kidogo kuelekea ndani. Kama besi inaongezeka ghafla unapobonyeza, saizi hiyo si yako. Jaribio la mwisho ni kutafuna hewani, taya ikienda juu na chini: besi isipotee na eafoni isichomoke.

Kipira chenyewe kinabadilisha sauti pia. Chenye tundu pana huacha trebo (sauti za juu) ipite kwa uwazi. Chenye tundu jembamba huelekea kuongeza uzito wa chini. Sponji hupunguza makali kidogo, kwa hiyo kama eafoni zako zinachoma masikio kwenye fidla na matoazi, jozi ya sponji inaweza kumaliza kazi kabla hujagusa ikwalaiza.

Tahadhari: kikiuma, ni kikubwa. Usikilazimishe. Na kipira kikibaki ndani ya sikio, usikichokoe kwa pini wala kijiti cha pamba, utakisukuma ndani zaidi. Nenda kituo cha afya.

## Hatua ya 3: Safisha na ukague pande mbili

Toa vipira, vioshe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa. Eafoni yenyewe usiioshe. Igeuze wavu uangalie chini, upige mswaki taratibu ili nta idondoke badala ya kuzama. Nta kidogo tu kwenye wavu inatosha kufanya upande mmoja uwe chini.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu, sehemu ya sauti, utazame kitelezi cha uwiano wa kushoto na kulia. Kiwe katikati. Watoto wakichezea simu hukisogeza, na mwenye simu anahangaika mwezi mzima.

Ukimaliza, mwimbaji anatakiwa asikike katikati ya kichwa. Akielemea upande mmoja kwenye nyimbo zote, rudia kipira cha upande ulio dhaifu.

## Hatua ya 4: Hakikisha wimbo wenyewe una afya

Ikwalaiza haiwezi kurudisha kilichokwisha kufutwa. MP3 ya 128 kbps (kilobiti kwa sekunde) inakula takriban MB 1 kwa dakika, ya 320 kbps takriban MB 2.4. Ile tofauti ni taarifa zilizotupwa, na za kwanza kutupwa ni zile za juu: matoazi na kayamba zinageuka kuwa mchakacho. Wimbo uliochomolewa kwenye video kisha ukaandikwa "320" haujapanda hadhi, umenenepa tu.

Kwenye Spotify, ubora wa chini kabisa ni kama 24 kbps, na programu ikiachwa ijiamulie hushuka mtandao ukiwa dhaifu. Kama unabana bando, pakua nyimbo zako kwa Wi-Fi kwenye ubora wa juu, usikilize bila mtandao.

Kodeki za Bluetooth (njia za kubana sauti ili ipite hewani) zisikuumize kichwa. LDAC hufika 990 kbps na Android nyingi zinayo. iPhone hutumia AAC na SBC basi. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno mbele ya kipira kilichokaa vibaya. Kitu kimoja tu: ukiunganisha eafoni za Bluetooth na kompyuta na programu ya mkutano ikashika maikrofoni, muziki hugeuka kuwa wa simu ya mezani. Funga programu hiyo, sauti itarudi.

Kabla ya kuendelea, zima kila nyongeza: Dolby Atmos, sauti ya kuzunguka, "kiongeza besi" na vinginevyo. Ikwalaiza iwe moja tu inayofanya kazi. Ya simu, ya programu ya muziki na ya programu ya eafoni zikiwa wazi pamoja, hutajua nani kafanya nini.

## Hatua ya 5: Jifunze vitelezi vitano

Ikwalaiza ya kawaida ya Android ina bendi tano, kila moja na kitelezi chake. Yako ikiwa na tisa au kumi, tafuta zilizo karibu na namba hizi:

- 60 Hz: mtikisiko wa chini, kiki (ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu), noti za chini za gitaa la besi.
- 230 Hz: unene. Ukizidi, maneno ya mwimbaji yanafunikwa.
- 910 Hz: mwili wa sauti za watu na magitaa.
- 3.6 kHz (yaani 3,600 Hz): uwazi wa maneno na makali. Sikio la binadamu ni jepesi mno kati ya 2 na 5 kHz, kwa hiyo hapa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) mbili ni nyingi.
- 14 kHz: hewa na mmeto wa matoazi.

Punguza kabla ya kuongeza. Ukitaka besi isikike, jaribu kwanza kushusha 230 Hz kwa desibeli 2. Mara nyingi besi ilikuwepo, ila ilifunikwa na tope la juu yake.

Kila unapoongeza, shusha sauti ya jumla kwa kiasi hichohicho. Wimbo wa kisasa umeshajazwa mpaka kwenye dari la kidijiti. Ukiongeza desibeli 4 kwenye 60 Hz bila kushusha kile kitelezi cha sauti ya kuingia (preamp), vilele vinakatwa na ndipo unaposikia kupasuka. Kama ikwalaiza yako haina kitelezi hicho, shusha bendi nyingine zote badala ya kuipandisha moja.

Na linganisha sauti zikiwa na nguvu sawa. Kilicho juu zaidi masikio hukiona kizuri zaidi, hata kama kimeharibika. Washa na uzime ikwalaiza huku ukirekebisha volyumu zifanane, ndipo uamue.

Mwenye Wavelet aanze kwa kutafuta modeli ya eafoni zake. Ina vipimo vya maelfu ya eafoni na hedifoni na hunyoosha sauti yenyewe. Sauti itashuka kidogo ukiiwasha, ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 6: Rekebisha kwa aina ya muziki

Namba hizi ni za kuanzia, kwa eafoni zenye sauti iliyo sawa. Zisogeze kwa desibeli moja moja.

### Bongo fleva na amapiano

60 Hz: +3. 230 Hz: −2. 3.6 kHz: +1. Zilizobaki sifuri.

Ile besi ya amapiano inayoruka na kuteleza inaishi chini kabisa, na juu yake kuna kayamba nyepesi na kinanda. Umefaulu kama besi inapoingia kayamba haipotei. Ikipotea, usiguse trebo. Rudi ushushe 230 kwa desibeli moja zaidi.

### Singeli

60 Hz: +1. 230 Hz: −2. 3.6 kHz: −3. 14 kHz: −1.

Hapa watu wengi hufanya kinyume. Singeli mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, maana yake kati ya pigo na pigo kuna sekunde 0.3 au pungufu. Besi uliyoipandisha haiwahi kunyamaza kabla ya pigo linalofuata, na yote yanakuwa mngurumo mmoja. Juu nako kuna vinanda na sauti zilizoharakishwa, zinazorundikana kwenye eneo lilelile ambalo sikio halivumilii. Ukisikia kila pigo limesimama peke yake na unayafuata maneno ya MC, acha hapo. Ukimaliza nyimbo tatu masikio yamechoka, shusha 3.6 kwa desibeli nyingine.

### Rumba na sebene

60 Hz: +1. 3.6 kHz: +2. 14 kHz: +1.

Utamu wa muziki huu uko kwenye mazungumzo ya magitaa: solo juu, mi-solo katikati, ritimu chini. Chagua wimbo, subiri sebene (ile sehemu ya magitaa ya kasi) ianze, atalaku (mhamasishaji wa bendi) aanze kupiga kelele, kisha fumba macho ujaribu kufuata gitaa la mi-solo peke yake. Ukiweza kulifuata kwa dakika nzima bila kulichanganya na solo, umefika. Ukilipoteza, ongeza 910 Hz kwa desibeli 1. Kwa benga ya Kenya tumia mpangilio huuhuu, ila gitaa la besi huko lina kazi kubwa ya kuongoza, kwa hiyo 60 Hz iongezee moja.

### Taarab

230 Hz: +1. 3.6 kHz: −2. 14 kHz: +1.

Kwa taarab ya Zanzibar yenye okestra, fidla ndizo mtihani. Noti ya chini kabisa ya fidla ni 196 Hz, kwa hiyo besi haina la kuzisaidia. Kinachoudhi ni makali yake yanapopigwa kadhaa kwa pamoja. Ukishusha 3.6, makali yanalegea na udi unapata nafasi. Sikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi: unatakiwa usikie ukucha ukigusa uzi, kisha noti, kisha noti ikififia. Ukisikia mguso tu bila mwili, ongeza 910. Taarab ya kisasa yenye vinanda na ngoma za umeme ipeleke kwenye mpangilio wa bongo fleva, ukiacha 3.6 kwenye sifuri.

### Kwaya na kaswida

230 Hz: −2. 910 Hz: +1. 3.6 kHz: +1.

Rekodi nyingi za kwaya zina mwangwi mwingi, na mwangwi huo hujaa kwenye 230. Ukifaulu, sauti ya tatu na ya nne zinatengana. Kama "s" za waimbaji zinachoma, na ikwalaiza yako ina bendi ya karibu 8 kHz, ishushe kwa 2.

### Zilipendwa

60 Hz: −3. 230 Hz: +1. 14 kHz: −4.

Kanda za zamani hazina kitu cha maana huko chini kabisa wala huko juu kabisa. Ukiongeza besi unaongeza mngurumo wa umeme. Ukiongeza trebo unaongeza mchakacho wa utepe. Ukikuta wimbo unasikika sikio moja tu, wakati nyimbo nyingine ziko sawa, mara nyingi aliyeuhamisha kwenye kompyuta alichomeka upande mmoja. Washa sauti ya mono kwenye mipangilio ya ufikivu, utarudi pande zote mbili. Usisahau kuizima baadaye.

## Hatua ya 7: Weka kikomo cha volyumu

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki; kwa mtoto, 75. Kila ukipanda desibeli 3, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. iPhone hukuonyesha kiwango hicho muziki ukiwa unacheza. Kwenye Android nyingi utapata angalau kikomo cha volyumu ndani ya mipangilio ya sauti.

Kipira kinachoziba kinasaidia hapa pia: kelele za nje zikipungua, hulazimiki kushindana nazo. Kama barabarani bado unapandisha mpaka mwisho, rudi hatua ya 2.

## Ukimaliza yote na bado haziko sawa

Hifadhi kila mpangilio kwa jina la muziki wake, kisha jaribu eafoni kwenye simu nyingine ikwalaiza ikiwa imezimwa. Tatizo likibaki kwenye simu yako tu, kosa ni la mipangilio ya simu. Ondoa muunganisho wa Bluetooth na uunganishe upya.

Tatizo likihamia nazo, yaani upande mmoja uko chini baada ya kusafishwa, au spika inakwaruza hata kwenye sauti ndogo, au besi haipo ingawa sauti yako inavuma kichwani ukihesabu, basi eafoni zenyewe ni mbovu. Zirudishe na risiti na boksi ndani ya muda wa waranti, na umwonyeshe muuzaji kasoro hiyo kwa simu yake mwenyewe. Akisikia kwenye simu yake, hana pa kusingizia.